Mkono wa Trafiki

Kuna watu niliowazoea nikawajua, na kuna Mwalimu wa Kipaimara, ambaye nilimzoea tu. Nilikuwa msichana wa kukariri katekisimu kwa kuogopa fimbo yake, nikaja kuwa mama mwenye duka la steshenari na miwani ya kusomea, na miaka yote hiyo nilimwona karibu kila siku. Sasa hayupo. Mtu akiniuliza alikuwa wa namna gani, naanza kujibu kwa kujiamini, na nikifika katikati nagundua kwamba ninamweleza mtu mwingine.

Hatukumwita kwa jina. Wazee wenzake kanisani walimwita Mwalimu, na sisi tuliopita mikononi mwake tuliongeza hilo la kipaimara ili asichanganywe na walimu wa shule. Jina lake kamili nililisikia siku ya msiba, likisomwa kwenye kipaza sauti, na nikawaona wanakwaya wakigeukiana kama watu walioingia msiba usio wao. Hata mimi nilishtuka. Lilikuwa jina zuri, la kawaida, na halikumfaa hata kidogo.

Alikuwa mfupi, amenyooka, na kichwani hakukosa kitambaa cha kijani. Alitembea katikati ya njia. Kwetu Elerai bodaboda hazimpishi mtu, zinapenya tu, lakini yeye zilimpisha, na dereva aliyethubutu kupiga honi alisimamishwa na kuulizwa alipata kipaimara wapi na nani alimfundisha. Wengi wao aliwafundisha mwenyewe. Waliobaki walikoma baada ya kuulizwa mara moja.

Mambo yake yalipingana na hakujali. Kwenye kipindi, mtoto aliyechelewa alisimama mlangoni hadi sala ya mwisho. Lakini umwalike yeye chakula cha mchana, anafika mmeshaosha vyombo, na anawakasirikia nyinyi kwa kula mapema. Alihubiri kiasi, na kwenye machalari ya ndizi na nyama hakuhitaji kukaribishwa mara ya pili. Umbea aliukemea kwa ukali wa kutisha, kisha anakuja dukani kwangu, anakaa kwenye kiti cha wateja, anasema, "Mimi sisemi kitu, ila nimeona gari jeupe limelala kwa mzee wa kanisa." Ukimwuliza la nani, anakaza midomo na kukukumbusha kwamba yeye hajasema kitu.

Msemo wake wa kufunga mjadala ulikuwa mmoja: "Hilo haliko kwenye mtihani." Tulipomwuliza Kaini alimtoa wapi mke, halikuwa kwenye mtihani. Tulipomwuliza kama mbuzi wa mtu mwema huingia mbinguni, halikuwa kwenye mtihani. Nilipokuwa mtu mzima nikajipa moyo kumwuliza kwa nini hakuolewa, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena, na hilo nalo halikuwa kwenye mtihani.

Swali alilolikwepa kuliko yote ni lile tunalolipenda sisi. Arusha, mtu akikusalimia mara ya pili anataka kujua kwenu ni wapi, akishajua kwenu anajua bei ya kukuuzia na wimbo wa kukuimbia ukifa. Mwalimu aliongea Kimeru na Wameru, akageuka akaongea Kimaasai na Waarusha, na sokoni alipunguziwa bei ya ndizi kwa Kichaga. Wameru wakasema huyu ni Mwarusha. Waarusha wakasema ni Mchaga. Wachaga wakasema kwa namna anavyobana bei huyu ni wetu kabisa, ila hatujui ni wa ukoo gani. Ukimbana sana alijibu, "Kwetu kanisani," na ukacheka peke yako.

Kilichojulikana ni kwamba alikulia Akheri, kwa Wameru, kwenye nyumba ya mwinjilisti mmoja wa zamani aliyekuwa na watoto wengi na kahawa kidogo. Hakuwa mtoto wa nyumba ile. Hilo lilijulikana na halikusemwa, na mimi nililichukulia kama wengine wote, kitu cha kawaida, maana nani asiyejua nyumba yenye mtoto wa kulelewa.

Sasa nije kwenye sanamu, ambalo ndilo lililonivuruga.

Lazima kwanza ujue jinsi alivyochukia sanamu. Nyumbani kwake hapakuwa na picha hata moja, ya mtu wala ya Yesu. Kanisa lilipogawa kalenda yenye picha za viongozi, alichukua mkasi akakata picha zote, akabandika tarehe tupu ukutani. Alitufundisha kwamba jicho ni jepesi kudanganywa kuliko sikio, ndiyo maana Mungu alisema na watu badala ya kujichora. Nilipopamba daftari langu la kipaimara kwa malaika niliyemchora kwa kalamu za rangi, nikijua atanisifu, alichana ukurasa ule taratibu, akanirudishia daftari, akasema, "Umewahi kumwona?" Nikasema hapana. "Basi." Nililia hadi nyumbani.

Sanamu lenyewe lilikuwa kwenye kipilefti, katikati ya mzunguko wa magari mbele ya duka langu. Ni mama wa saruji, mrefu kuliko mtu, amevaa kitu ambacho upande mmoja ni kitenge na upande mwingine ni lubega, shuka la kufunga begani. Kila aliyepewa kazi ya kupamba mji alimpaka rangi yake. Nimemwona akiwa kahawia, nimemwona akiwa dhahabu, na kuna kipindi alikuwa rangi ya fedha hadi midomo. Mkono wa kushoto ulilala ubavuni. Wa kulia ulikunjwa kwenye kiwiko, umeelekezwa mbele usawa wa kiuno, kiganja kimesimama, vidole juu. Kwa ajili ya mkono huo vijana wa bodaboda walimwita Trafiki. Anasimamisha magari, walisema, ila hayamsikii. Ikawa ndiyo anwani ya mtaa mzima: shuka kwa Trafiki, nipo hapa kwa Trafiki.

Kila mtu alimsoma alivyotaka. Waongoza watalii waliwaambia wageni wao kwamba mama yule anawakaribisha mjini. Mzee wa Kihindi mwenye duka la hadwea jirani yangu, ambaye babu yake aliuza misumari hapo hapo, aliniambia kwamba kwenye dini yao mkono wa namna ile una maana. "Unasema usiogope," alisema, na akauinua wa kwake kunionyesha, akiwa ameshika risiti. Mimi niliona trafiki tu. Ndivyo nilivyomkuta, na mtu akishapewa jina ni vigumu kumwona vingine.

Halafu siku moja, nikifungua duka, nikamwona Mwalimu wa Kipaimara amesimama ukingoni mwa barabara, akimtazama yule mama wa saruji kama mtu anayesubiri kujibiwa. Nilidhani anasubiri kuvuka. Magari yalipopungua hakuvuka. Alihama kutoka upande wa hadwea akaenda upande wa sheli ya mafuta, akasimama tena, akatazama tena. Wiki iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Nikaanza kuona aibu kwa niaba yake, kisha nikaanza kuogopa. Uzee una milango mingi, nilijiambia, pengine ndiyo unaingilia hapa.

Jirani mmoja mlokole, mwanamke wa maneno, hakungoja. Alimfuata pale pale barabarani. "Mwalimu, wewe wa kutufundisha amri ya pili, leo unasujudia sanamu?"

"Amri ya pili kwetu ni ya kulitaja jina la Mungu bure," Mwalimu alisema. "Hesabu zako ni za kanisa lingine. Na mimi nimesimama. Umeniona nimepiga goti?"

"Lakini ni sanamu."

"Ya kuchonga ndiyo imekatazwa. Hii imefinyangwa."

Mlokole akageuka akaenda zake, nami nilikuwa nasikiliza mlangoni. Mtoto angetoa jibu la namna hiyo kwenye kipindi angekula fimbo mbili, moja ya jibu na moja ya ujanja. Nilipomkaribisha ndani nikamwambia hivyo, kwa utani. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaniuliza, "Wewe ukimwona yule anafanya nini?"

"Anasimamisha magari, Mwalimu."

"Nilikufundisha mimi wewe?"

"Ulinifundisha."

"Na mtoto anapimwaje?"

Hapo nikaelewa kidogo, halafu nikachanganyikiwa zaidi. Watu wa kwetu, ukieleza kimo cha mtoto, hulazi kiganja kifudifudi hewani. Hivyo huonyeshwa kimo cha mbuzi, cha ndama, cha meza. Mtoto unamwonyesha kwa kusimamisha kiganja, vidole juu, kwa sababu bado anakwenda juu. Ukimlazia mkono umemzuia kukua. Mwalimu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa katekisimu. Tulipoeleza habari za wadogo zetu kwa kiganja cha mbuzi, alitupiga mkono palepale. Nikamtazama Trafiki kupitia dirishani, kiganja chake kimesimama usawa wa kiuno, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yule mama hasimamishi kitu. Anaeleza mtoto.

"Anasema mtoto wangu ni wa kimo hiki," nikasema.

"Hilo nalijua. Anamwambia nani? Na kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kwamba hata yeye hana jibu, na kwamba kukosa huko kunamuuma.

Alinieleza siku nyingine, umeme umekatika, mashine ya kutoa kopi imekufa na barua yake ya kanisa imekwama ndani. Hangeweza kuondoka bila barua, na nadhani ndiyo sababu alisema. Alianza katikati, kama kawaida yake.

"Uso siukumbuki," alisema. "Usiniulize uso."

Alikuwa mdogo, hajui wa miaka mingapi. Ilikuwa sokoni, kule chini ya Akheri, kuna matope, kuna harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Yeye ameshikwa mkono na mtu mzima ambaye si wa kwao. Katikati ya miguu ya watu anamwona mama yake kwa mbali. Mama anaongea na mwanamume mmoja, na mkono wa kulia umesimama hivi, usawa wa kiuno, anaonyesha kimo. Mwanamume anaitikia kwa kichwa, mama anashusha mkono. Kisha watu wanapita katikati, na wakishapita mama hayupo. Baada ya hapo ni nyumba ya mwinjilisti, uji, na sweta la mtoto mwingine.

"Kimo kilikuwa changu," alisema. "Hilo nina hakika nalo. Ila sijui alikuwa ananitafuta au ananitoa."

Nilisema haraka kwamba bila shaka alikuwa anamtafuta. Mama gani, nikasema, na mengine ya namna hiyo. Akanikata.

"Kama nilipotea, huyo aliyenishika mkono aliniokota, na yule mama aliuliza soko zima akakosa. Kama nilitolewa, basi aliyenishika alikuwa ameshanipokea, na mama alikuwa anamalizia maelezo. Mkono ni ule ule. Unaona shida yangu?"

"Waliokulea walisemaje?"

"Walisema Mungu alinileta. Kila nilipouliza, Mungu alinileta. Nikaacha kuuliza, nikaanza kufundisha." Akaitazama mashine iliyokufa. "Na sikumwita. Nilimwona na sikumwita. Hilo ndilo nisilolielewa kabisa."

Kisha akaniambia kuhusu sanamu, kwa sauti ya kueleza hesabu. Ukisimama upande wa hadwea, shingo ya yule mama inaonekana imenyooka na macho yanatazama mbali. Hapo anatafuta. Ukisimama upande wa sheli, kichwa kinaonekana kimeinama kidogo na bega limeshuka. Hapo anakabidhi. Alikuwa amesimama pande zote, asubuhi na jioni, mlima umejifunika mawingu na mlima umefunguka, na kila mara aliondoka na jibu tofauti. Umeme uliporudi alichukua barua yake, akaikagua kama herufi zote zipo, akaenda zake.

Nilibaki na mzigo usio wangu. Nikaanza na mimi kuvuka barabara kwenda kutazama, nikiwaambia wateja nakwenda kutafuta chenji. Upande wa hadwea niliona anatafuta. Upande wa sheli niliona anakabidhi. Nikirudi dukani namwona trafiki. Nilikasirika. Saruji ni saruji, niliwaza, na sisi wanawake wazima tunazunguka barabarani kama kuku waliopotelewa na banda.

Halafu akaja fundi aliyemfinyanga. Sikumjua. Alikuja kuchapisha picha za kazi zake awaonyeshe wateja: simba wa geti la hoteli, tai, bakuli la chemchemi, na kati yao Trafiki wetu akiwa bado mbichi, kijivu, hajapakwa rangi. Nikamwuliza kwa upole wa kinafiki yule mama alikuwa anafanya nini.

"Anapunga," fundi alisema. "Anakaribisha wageni."

"Mbona mkono uko chini?"

Akacheka, akajikuna shingo. "Mama, ulitakiwa uwe juu kabisa, hivi. Nondo ikaisha. Nikaomba nyingine, nikaambiwa malizia hivyo hivyo, wageni wenyewe wanapita kwa gari. Nikaumalizia hapo ilipofika."

Sikujua nicheke au nimfukuze. Mambo yote yale, kutafuta na kukabidhi, usiogope na karibuni, yalitoka kwenye upungufu wa nondo. Nilikaa na habari ile nikijiuliza kama kumwambia Mwalimu ni kumsaidia au ni kumnyang'anya. Mwishoni nikamwambia, kwa sababu nilijua akija kuisikia kwa mwingine atanilaumu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Iliishia hapa?" akauliza, akigusa kiwiko chake.

"Hapo hapo, Mwalimu."

"Aa." Akatazama dirishani. "Kwa hiyo fundi hakukusudia."

"Hakukusudia."

"Hilo sasa ndilo baya," alisema, "kwa sababu yule mama bado anaeleza mtoto." Na akaniuliza bei ya maharage imefika wapi, tukaongea maharage. Wiki iliyofuata alikuwa amesimama upande wa sheli kama kawaida.

Sikumwelewa. Nakiri hivyo bila aibu, kwa sababu sijakutana na aliyemwelewa. Alijua kwamba sanamu halijui kitu. Alikuwa wa kwanza kutufundisha hilo. Na bado alikwenda kuliuliza, tena kwa heshima, huku kalenda yake nyumbani ikiwa haina hata uso wa askofu.

Barabara ilipopanuliwa, kipilefti kiliondolewa, wakaweka mataa. Trafiki alinyanyuliwa kwa mnyororo mbele yetu, akawekwa kwenye lori, na vijana wa bodaboda wakamwimbia wimbo wa kumuaga afisa aliyehamishwa. Mwalimu hakuwepo siku hiyo. Alipokuja na kukuta lami tupu, alisubiri taa za waenda kwa miguu, akavuka ziliporuhusu, akarudi kwake. Baada ya hapo alidhoofu. Alianza kuniita kwa jina la dada yangu, siku nyingine alikuja na Biblia ya mpangaji wake akidhani ni yake, na mara moja alinisalimia mimi shikamoo. Nilikataa kuitika. Nilimwambia, "Shikamoo Mwalimu," na tukatazamana hadi mteja akaingia.

Ndipo ikaja siku aliyopotea.

Mpangaji wake, binti anayesomea uhasibu, alinijia mchana ameshika simu ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa ametoka asubuhi kwenda kwenye maombi, alisema, na kanisani hawajamwona, na simu ameiacha mezani. Nilimwambia akae nyumbani, huenda akarudi, nikafunga duka bila hata kuondoa meza ya nje. Kijiweni kwa bodaboda kijana mmoja aliniambia, "Mama Glori, nimempakia mimi. Nimemshusha njiani kuelekea Terrat. Nilitaka kumsubiri, akanikatalia." Nikapanda pikipiki hiyo hiyo, akanishusha alipomshusha yeye, mahali ambapo sikuwa na sababu ya kufikiri angekwenda: barabara ya vumbi, vibanda, ukuta mrefu wa yadi ya vifaa vya barabara, yenye geti la bati.

Niliuliza. Nilimwuliza mama anayechoma mahindi, nikamwuliza kijana anayeziba pancha, nikawauliza watoto wa shule. Mama mzee, kitambaa cha kijani, mfupi, amenyooka. Nilikuwa natembea, kisha nikawa nakimbia, mtu mzima na mwili wangu huu, nikijisikia nataka kulia na nataka kumpiga mtu. Nikagonga geti la yadi. Mlinzi akasema aliingia asubuhi, akaangalia vitu, akatoka. Nikachungulia nikaona mabomba, mawe ya kingo za barabara, na Trafiki amelazwa ubavu kwenye majani, rangi imebanduka. Mkono wa kulia haukuwepo. Palibaki kiwiko, na ncha ya nondo imechomoza, ina kutu.

Nilipogeuka nikamwona. Alikuwa ng'ambo ya barabara, amekaa kwenye jiwe chini ya kivuli cha kibanda kilichofungwa, mikono magotini, macho makavu, akinitazama. Hakuwa amechanganyikiwa siku hiyo. Hilo nililiona hata kabla sijamfikia.

"Mwalimu," nikasema. "Tumekutafuta."

"Nimekuona," alisema. "Umeanza kwa mama wa mahindi. Ukaja kwa wa pancha. Ukawasimamisha wale watoto, ukaenda getini."

"Umeniona muda wote huo na hukuniita?"

"Nilitaka nione utauliza mpaka wapi."

Nilikasirika kama sijawahi kumkasirikia mtu mzima. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii aliyemfundisha sala: kwamba angekufa juani, kwamba binti wa watu analia nyumbani, kwamba mimi si mtoto wa kuchezewa. Alinisikiliza hadi yakaniishia, ndipo nikakaa chini kando yake.

"Na kama mlinzi angesema hajaniona?" akauliza.

"Ningeendelea mbele."

"Na huko nako?"

"Mwalimu, ningeuliza Arusha nzima. Ningelala njiani."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama darasani mtoto akijibu sawa na yeye hataki kumsifu mbele ya wenzake. Pikipiki ilipita, ikatuachia vumbi, tukafumba macho wote wawili hadi likatulia.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa mtu akitafutwa," alisema.

Nikamwuliza, kwa sababu sikuweza kujizuia, kama yule mama wa sokoni naye alikuwa hivyo.

"Hapana," alisema. Alilisema bila uchungu, kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani. "Yule hakuwa na haraka. Alieleza taratibu, akajibiwa, akashusha mkono. Wewe kitenge kinakudondoka tangu kwa mama wa mahindi, na hujui."

Nikajitazama. Kweli kilikuwa kinaburuta vumbini. Mwalimu wa Kipaimara akanyanyuka, akanisimamisha, akanifunga kitenge upya kiunoni, akakaza, tukavuka barabara kwenda kumwita kijana wa pikipiki.